Nibadili inzi gani? Jibu kwa mtoto wa wavuvi wa Kalehe

Swali: «Mzee, jambo. Mimi ni mtoto wa wavuvi wa Kalehe, ninaishi Bukavu. Mwaka jana, mwezi wa nane, nilimtembelea dada yangu Grenoble, Ufaransa. Shemeji anavua trauti kwenye mito ya milimani kwa inzi bandia, ile ndoana iliyovikwa manyoya ifanane na mdudu, akanipeleka mara nne. Tulikuwa tunatoka nyumbani baada ya chai, tunafika mtoni saa tano, tunavua mpaka saa tisa. Samaki niliwaona kwa macho yangu, wametulia chini ya maji, lakini hawakugusa kitu. Nilibadilisha inzi karibu ishirini. Mwaka huu ninarudi mwezi wa saba na nimeweka pesa kidogo pembeni ninunue inzi wazuri. Ninunue wa aina gani? Na nikimpata samaki, ni vibaya kumla? Maana shemeji huwarudisha wote majini.»

Mdogo wangu, hizo pesa usizitoe bado.

Umelelewa Kalehe, kwa hiyo jibu unalo tayari, ila umelisahau ziwani. Mbalamwezi ikiwa mpevu, baba yako na wenzake hawatoki kuvua sambaza, wale dagaa wa Ziwa Kivu. Mitumbwi mitatu imeunganishwa kwa miti yake mirefu, wavu upo, taa ni zile zile za wiki iliyopita, na hakuna anayekimbilia sokoni kutafuta taa nyingine. Wanajua kwamba usiku huo mwanga umetanda ziwa zima, na sambaza hawana haja ya kukusanyika chini ya taa ya mtu. Wanashona nyavu, wanangoja. Wewe kule Grenoble ulitoka, kwa mfano huo, usiku wa mbalamwezi, kisha ukabadilisha taa mara ishirini.

Nimefanya kazi ya samaki zaidi ya miaka thelathini, sehemu kubwa hapa hapa ziwani. Trauti nilijifunza Kenya, kwenye mito inayoshuka kutoka milima ya Aberdare, ambako walowezi wa Kiingereza waliwatia trauti wa kwanza katika mto Gura mwaka 1905. Baadaye nilikaa majira mawili ya joto kwenye milima ya Alpi, ile iliyo juu ya Grenoble. Kosa lako nililifanya siku nyingi kabla ya kuelewa, kwa hiyo nakujibu kwa urefu.

Trauti ni samaki wa baridi. Maji yakiwa na nyuzi 10 hadi 16 anakula kwa hamu. Yakipita 18 anaanza kusita. Yakifika 20 anaacha chakula, na yakikaribia 25 kwa muda mrefu anakufa. Sasa kumbuka kwamba maji ya juu ya Ziwa Kivu, yale uliyoogelea utotoni, yana nyuzi 23 au 24 karibu mwaka mzima. Maji ambayo kwetu ni ya kawaida kabisa, kwake ni homa.

Chanzo cha mambo haya ni pumzi. Maji baridi hubeba hewa nyingi kuliko maji yenye joto: lita moja ya nyuzi 10 inaweza kubeba miligramu 11 hivi za oksijeni, na ikipashwa mpaka nyuzi 20 inabaki na 9 hivi. Na samaki hana moto wake ndani kama sisi. Mwili wake unafuata joto la maji, na kadiri unavyopashwa ndivyo unavyodai pumzi zaidi. Mchana wa mwezi wa nane basi trauti anabanwa pande mbili, anadai zaidi na anapewa kidogo. Kumfukuza mdudu ni kazi, na kazi inakula pumzi, kwa hiyo anatulia. Wale uliowaona chini, vichwa vikielekea mto unakotoka, mikia ikicheza kidogo tu, hawakuwa wanamkataa inzi wako. Walikuwa wanatunza pumzi.

Wavuvi wetu wanaijua kanuni hii kwa sura nyingine. Ziwa Kivu lina kina cha mita 485, lakini sambaza hawapiti mita 60 au 70 za juu, kwa sababu chini ya hapo oksijeni imekwisha na kuna gesi. Ziwa lote lile, na wao nyumba yao ni ghorofa ya juu peke yake. Ukifika kwenye mto usioujua, uliza swali hilo hilo: hapa pumzi iko wapi? Samaki anayekula utamkuta hapo.

Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kununua ni kipimajoto. Kile kidogo chenye ganda la chuma kinatosha. Kifunge kwa uzi, kizamishe kwenye maji yanayokimbia, kivulini, dakika moja nzima, kisha usome haraka. Fanya hivyo kabla hujaunganisha fimbo. Ukisoma nyuzi 20, funga mkoba, hata kama umesafiri saa mbili kufika. Sisemi hivyo kwa sababu hutapata kitu tu. Ukimpata, anapigana katika maji yasiyo na pumzi ya kumrudishia nguvu, na ukimwachia anaondoka vizuri mbele ya macho yako na kufa nyuma ya jiwe. Hilo nimeliona, na sikulipenda.

Sasa saa. Mwezi wa saba kule Grenoble jua linachomoza karibu saa kumi na mbili asubuhi na kuzama baada ya saa tatu usiku. Sisi ambao jua letu linaamka na kulala saa kumi na mbili hivi mwaka mzima tunasahau mchana mrefu namna hiyo unafanya nini kwa mto: mawe yanapata joto saa kumi na tano mfululizo. Mto wa bondeni huwa baridi kabisa alfajiri, baada ya kupoa usiku kucha. Saa za kuvua ni kuanzia kupambazuka hadi saa nne hivi, kisha tena kuanzia saa moja jioni hadi giza. Sheria ya Ufaransa inaruhusu kuvua trauti kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuzama. Ninyi mlifika saa tano mkaondoka saa tisa. Mlichagua, bila kujua, kipande kibaya zaidi cha siku.

Jioni ndiyo sikukuu yenyewe. Unakumbuka hapa kwetu mvua za kwanza zinapopiga, kumbikumbi wanatoka ardhini kwa maelfu, na watoto, kuku, ndege, kila mwenye mdomo anakimbilia kula? Mto wa Alpi una kumbikumbi wake. Ni wadudu waliokaa majini karibu mwaka mzima wakiwa funza, wengine ndani ya vijumba vya changarawe walivyojijengea wenyewe, na jioni ya joto wanapanda juu, wanapasua ngozi, wanaota mbawa, wanajamiiana, wanataga, wanaanguka majini na kufa. Yote hayo ndani ya muda mfupi. Utaona duara ndogo juu ya maji, moja, kisha tatu, kisha mto mzima unatoboka kama unanyeshewa. Trauti mkubwa ambaye mchana ungedhani hayupo anatoka chini ya mwamba na kula kama mtu aliyefunga. Dakika arobaini, pengine saa moja. Mwambie dada yako chakula cha usiku kiwasubiri.

Najua utasema shemeji ni mtu wa kazi, Jumapili anapenda kupumzika, huwezi kumwamsha mwenye nyumba alfajiri. Kweli, mgeni hampangii mwenyeji saa ya kuamka. Basi pandeni juu. Hewa hupoa kwa nyuzi 6 na nusu hivi kila unapopanda mita 1,000, na maji yanafuata. Kijito cha mita 1,800, kinachotoka kwenye theluji inayoyeyuka, asubuhi ya mwezi wa saba kinaweza kuwa na nyuzi 6 au 7, baridi mno hata kwa trauti, na samaki wake wanaanza kula jua likishafika majini. Huko juu saa tano hadi saa tisa, saa zenu zile zile, ndizo nzuri. Kwa hiyo mna njia mbili: mbaki bondeni na mbadili saa, au mbaki na saa zenu na mbadili urefu wa mlima. Mpe shemeji hiyo ya pili kama wazo lake.

Jihadhari tu na mito ya barafu. Karibu na Grenoble, kwenye milima ya Écrins, kuna mito kama Vénéon inayolishwa na barafu ya kudumu. Mchana wa joto barafu inayeyuka kwa wingi, mto unafura na kuwa mweupe kijivu kama maji ya kuoshea muhogo, umejaa unga wa mawe. Samaki haoni kitu. Hapo asubuhi tu, au tafuta kijito cha pembeni kilicho safi.

Mahali pa kusimama naweza kukueleza kwa maneno machache. Acha vidimbwi vilivyotulia, hata kama ndimo unamowaona samaki. Nenda pale maji yanapovunjika juu ya mawe na kuwa meupe, maana yanapojipiga yanameza hewa, na juu yake pamekunjamana, samaki hakuoni vizuri na hana muda wa kumchunguza inzi. Nyuma ya kila jiwe kubwa kuna mahali tulivu pa kutosha mwili wake. Tafuta pia mstari wa povu: povu na wadudu waliokufa husafiri njia moja, kwa hiyo anayekula hukaa chini ya povu. Na kijito baridi kinapoingia kwenye mto mkubwa, pima joto pande zote mbili. Tofauti ya nyuzi 3 inaweza kuwakusanya samaki wa kipande kizima cha mto.

Namna ya kusogea inahitaji subira zaidi. Trauti anakaa akitazama mto unakotoka, kwa sababu chakula kinatoka huko. Wewe toka nyuma yake, ukipanda mto, polepole, ukiwa umeinama. Dunia ya juu ya maji anaiona kupitia dirisha la mviringo lililo juu ya kichwa chake. Kilicho chini kabisa pembeni ya dirisha hilo anakiona kwa shida. Mtu aliyesimama wima ukingoni mwenye shati jeupe anaonekana. Aliyepiga goti nyuma ya kichaka haonekani. Kivuli chako kisiguse maji, na usiburute mawe kwa viatu: sauti majini inakwenda mbali.

Hapa nafika kwenye jambo ambalo nadhani liliharibu hata zile nafasi chache mlizokuwa nazo. Ziwani unatupa mshipi, chubwi inauvuta chini, unangoja. Uvuvi wa inzi ni kinyume: inzi hana uzito, hakuna chubwi, na unachokirusha ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene na mzito kwa makusudi hayo. Mwishoni mwake kuna uzi mwembamba, milimita 0.15 hivi, ili samaki asione kiungo. Sasa mto hauna mwendo mmoja. Katikati unakimbia, pembeni unasuasua, nyuma ya jiwe unarudi nyuma. Inzi akiangukia maji ya polepole huku mshipi umelala kwenye maji ya kasi, baada ya sekunde mbili mshipi unatangulia na kumburuta inzi. Anachora mstari mdogo nyuma yake juu ya maji. Wewe huenda huuoni. Trauti anauona, na mdudu aliyekufa hachori mstari. Ungeweza kumpa inzi aliyefungwa na fundi bora wa dunia, akiburutwa hana thamani.

Dawa yake ni kusogea karibu na kutumia mshipi mfupi. Kwenye mto wa milimani mita 6 au 8 zinatosha kabisa. Inua fimbo juu ili mshipi mwingi usiguse maji, ubaki uzi mwembamba tu. Ukilazimika kuulaza mshipi kwenye kasi, uchukue kwa ncha ya fimbo mara unapoanguka, uukunje kuelekea mto unakotoka, ili uwe na ziada ya kutumia kabla haujaanza kuvuta. Kisha hesabu: moja, mbili, tatu, nne. Ukipata sekunde nne za inzi kuelea huru, inua na urushe tena hatua moja juu. Usimwache asafiri mpaka miguuni pako kwa matumaini.

Hili anza kujifunza hapa Bukavu kabla ya safari. Kama una rafiki mwenye fimbo ya namna hiyo, sawa; kama huna, siku mbili za kwanza Grenoble omba ya shemeji uende bustanini, si mtoni. Ondoa ndoana, funga kipande cha sufi nyekundu. Rusha nyuma, simamisha fimbo ghafla ikiwa imepita wima kidogo tu, ngoja mshipi ujinyooshe nyuma yako, ndipo urushe mbele na kusimamisha tena. Kungoja ndiko kugumu. Wengi tunapeleka mkono mbele mshipi ukiwa bado umejikunja, nao unaanguka kama ugwe uliokatika. Fimbo ya urefu wa mita 2.7 yenye mshipi namba 5 ndiyo ya kawaida, na ya kuazima inatosha. Usinunue.

Inzi, basi, kwa kuwa uliuliza. Watano wanatosha majira yote ya joto. Wa kwanza ni yule wa manyoya ya swala, mbawa zimelala mgongoni kama paa la nyumba. Anaelea hata kwenye maji yanayochemka, na ndiye ningemchagua kama ningeruhusiwa mmoja. Wa pili ni mdogo wa kijivu mwenye mbawa zilizosimama kama tanga, kwa jioni. Wa tatu ni chungu mweusi: alasiri za joto chungu wenye mbawa huangukia mtoni, na trauti anawapenda kupita ukubwa wao. Wa nne ni panzi, kwa kingo zenye majani marefu mwezi wa nane, na huyo mwache aanguke kwa kishindo kidogo. Wa tano ni wa kuzama, mwenye shanga ya chuma kichwani, anayeiga funza wa chini ya mawe. Mfunge kwa uzi wa nusu mita chini ya yule wa manyoya ya swala, na huyo wa juu akizama ghafla, inua. Ni kiboya kile kile cha utoto wako. Namba za ndoana zinakwenda kinyume, namba kubwa ni ndoana ndogo; chukua 14 na 16, panzi 10. Karibu miaka 1,800 iliyopita Warumi waliandika kwamba Wamakedonia walivua samaki wenye madoa kwa sufi nyekundu na manyoya mawili ya jogoo. Kwa karne zote hizo inzi hajawa tatizo kubwa.

Mambo matatu ya usalama, na naomba usiyaruke. Mito mingi kule ina mabwawa ya umeme juu yake, kama Ruzizi yetu, na maji hufunguliwa bila wewe kuona mvua yoyote. Tarehe 4 Desemba 1995, kwenye mto Drac kusini mwa Grenoble, watoto sita wa shule na mtu mzima mmoja walikufa maji ya bwawa yalipowakuta mtoni. Vibao vya onyo vilivyo ukingoni visome, na maji yakianza kupanda kwenye jiwe ulilokuwa unalitazama, toka wakati huo huo. La pili ni radi. Mtu wa Kivu hahitaji kufundishwa radi, ila fimbo hizi ni za kaboni na zinapitisha umeme. Ngurumo ya kwanza, iweke chini uondoke. La tatu ni karatasi: nunua kadi ya uvuvi kabla ya kugusa maji, ipo hata ya siku au ya wiki. Mito ya trauti Ufaransa hufungwa Jumapili ya tatu ya mwezi wa tisa, kwa hiyo Julai uko salama.

Sasa kula. Swali lako nimelipenda, kwa sababu najua linatoka wapi. Mtu aliyelelewa kwa sambaza anaona ajabu mtu mzima atese samaki kisha amwachie. Lakini linganisha. Sambaza aliyeletwa kutoka Tanganyika kati ya 1958 na 1960 anakomaa kabla hajatimiza mwaka, anazaa kwa wingi, na ziwa lina chakula. Trauti wa kijito cha baridi anakua polepole kwa sababu maji yake ni maskini. Wa sentimita 20 unayemdharau anaweza kuwa na miaka mitatu, na hajazaa zaidi ya mara moja. Kwenye shimo moja anaweza kuwa ndiye mkubwa peke yake. Shemeji wako anapomrudisha hafanyi mchezo, anatunza shamba.

Hata hivyo, mmoja aliyefikia urefu wa sheria ya eneo lile, ukiruhusiwa, mle bila aibu. Waliobaki, bonyeza kile kijino cha ndoana kinachorudi nyuma kwa koleo kabla ya kuvua ili itoke kwa urahisi, lowesha mikono kabla ya kuwashika, usiwatoe majini kwa picha, na mshike kila mmoja akitazama mkondo mpaka aondoke mwenyewe. Yule wa kula muue mara moja, mpasue hapo hapo mtoni, ondoa ule mstari mweusi wa damu kwenye uti wa mgongo kwa ukucha, mfunge kwa majani mabichi. Nyumbani chumvi, mafuta kidogo, kikaango cha moto. Nyanya na vitunguu viache siku hiyo, vitamfunika. Dada yako akisonga bugali, kata mkia umpe shemeji, kwa kuwa hapo ngozi inakauka vizuri kuliko popote.